Baba Asiye na Ndevu

Lalamiko la kwanza lilihusu ndevu.

Mpwa wangu, binti wa miaka 10 anayekulia kitongoji kimoja cha Minneapolis, alikuwa amekaa sakafuni, bakuli la bisi mapajani. Tamthilia ya "Little House on the Prairie" ndiyo kwanza imeanza. Akageuka. "Mjomba, huyu nani?" Nikamwambia ni baba yake Laura. Akamkodolea tena macho yule bwana mwenye kidevu kilichonyolewa kikang'aa, nywele zimekaa kama katoka saluni asubuhi hiyo, kisha akatoa hukumu: "Siyo. Baba ana ndevu."

Nilicheka, nikadhani yataishia hapo. Yalituchukua hadi majira ya vuli. Mwishowe nilikubali kwamba mtoto ana hoja, ingawa siyo ile aliyoanza nayo.

Nianze na asiyezijua hadithi hizi. Laura Ingalls Wilder alizaliwa mwaka 1867 karibu na Pepin, jimbo la Wisconsin, akafariki mwaka 1957 huko Missouri, siku 3 baada ya kutimiza miaka 90. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1932, akiwa na miaka 65, umri ambao wengi wetu tunahesabu pensheni. Vikafuata vingine 7 hadi 1943. Vinasimulia familia ya walowezi: baba, mama na mabinti, wakihama na gari la turubai kutoka msitu wa Wisconsin hadi uwanda wa Kansas, kisha Minnesota, kisha Dakota. Cha tatu, kilichotoka 1935, kinaitwa "Little House on the Prairie", na hilo ndilo jina walilolichukua NBC, kituo cha runinga cha Marekani, mwaka 1974. Tamthilia ilikwenda misimu 9 hadi 1983, kisha zikaja filamu 3 za kufungia. Baba aliigizwa na Michael Landon, ambaye pia alikuwa mzalishaji mkuu, na mara nyingi mwandishi na mwongozaji. Kwa kifupi, nyumba ilikuwa ya Laura lakini funguo alishika yeye.

Mimi na mpwa wangu tulivisoma vitabu vyote 8 katika kipupwe kimoja, kile cha Minnesota ambacho ukitema mate unaogopa yasigande. Tulisoma Kiingereza, tukabishana Kiswahili. Kitabu cha tatu, kile cha Kansas, ndicho kilichomteka. Kuna sura familia nzima inaanguka homa: wanatetemeka kwa baridi, wanaungua kwa joto, mtoto anaomba maji na hakuna mtu mzima wa kuyabeba. Majirani wanasema ni matikiti maji ya bondeni. Nilipofika hapo nikasita tu, mwenyewe akamalizia: "Mjomba, si ni malaria hiyo?" Ni malaria. Na aliyewatibu kwa unga mchungu, kwinini bila shaka, alikuwa daktari Mweusi, Dk. George Tann, mtu wa kweli kabisa aliyeishi Kansas miaka hiyo. Mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa Marekani alijikuta yuko nyumbani ndani ya kitabu cha Wazungu wa karne ya 19, kwa sababu ya mbu.

Kilichomshika zaidi ni mlango. Nyumba ya Kansas mwanzoni haina mlango, wametundika blanketi tu, na usiku mmoja mbwa mwitu wanaizunguka nyumba na kuketi duara, wanalia. Baada ya hapo baba anatengeneza mlango. Kurasa kadhaa ni mlango tu: mbao zinachongwa, vigingi vya mti vinapigiliwa mahali pa misumari, bawaba zinakatwa kwenye ngozi, kitasa cha mti kinafungwa kamba inayopita tundu hadi nje. Mgeni akitaka kuingia anavuta kamba, kitasa kinanyanyuka. Usiku unaivuta kamba ndani, basi, mlango umefungwa. Mpwa wangu alinisomesha ukurasa huo mara 3, kisha akaenda kuujaribu kwa boksi la viatu na kamba ya raba.

Sasa mrudishe mtoto huyo mbele ya runinga.

Filamu ya utangulizi, ile ya Machi 1974, ukiacha ndevu ilimridhisha. Inafuata kitabu cha Kansas, na ile Krismasi ya Bwana Edwards imo. Kitabuni Edwards anavuka mto uliofurika, nguo kajitwika kichwani, ili mabinti wawili wasikose zawadi. Zawadi zenyewe: kikombe cha bati kwa kila mmoja, kijiti cha pipi, keki ndogo yenye umbo la moyo, na senti moja mpya inayong'aa. Kabla ya hapo walikuwa wakinywea kikombe kimoja wakipokezana. Laura anaigeuza keki yake na kuinyofoa kidogo kwa chini, ili juu isionekane imeguswa. Yeyote aliyewahi kupewa soda moja ya Idd akainywa kutwa nzima anamwelewa Laura pale.

Kisha ikaja Krismasi ya msimu wa kwanza. Laura anamtoa farasi wake kwa mwenye duka ili mama yake apate jiko jipya la chuma. Kipindi kizuri, kusema kweli. Mimi machozi yalinilengalenga, dada yangu yalimtoka waziwazi. Mtoto alikaa kimya mpaka majina ya waigizaji yakaanza kupita, ndipo akauliza: "Sasa kikombe kina kazi gani?"

Sikuwa na jibu wakati ule. Nadhani ninalo sasa. Mtu mwenye farasi wa kuuza na anayeweza kununua jiko hashangazwi na kikombe cha bati. Vitabu vile vimejengwa juu ya uhaba unaopimwa kitu kwa kitu, senti kwa senti, na furaha yake inatokana na kipimo hicho. Runinga iliongeza vitu, ikapandisha bei ya kila tukio, na kwa kuwa furaha ya vitu vidogo ilikuwa imepotea, ikabidi ilete machozi. Baba wa runingani analia mno. Baba wa vitabuni akizidiwa huchukua fidla. Katika ule msimu wa baridi kali wa 1880 hadi 1881, treni zilipokwama kwenye theluji na mji wa De Smet, huko Dakota, ukabaki bila makaa wala unga, familia inasaga ngano kwenye kinu cha kahawa, zamu kwa zamu, na kusokota nyasi kavu ziwe kuni. Usiku mmoja baba anashika fidla na vidole havikubali, vimevimba kwa baridi na kazi. Anairudisha kwenye sanduku lake. Hakuna anayelia, na mimi niliyekuwa nasoma kwa sauti ilibidi nisimame ninywe maji.

Ukitaka kuona tofauti yote kwa jicho moja, angalia nzige. Kitabu cha Plum Creek, kile cha Minnesota, kina nzige, tena si wa mchezo. Baba amejenga nyumba ya mbao kwa mkopo, atalipa ngano ikikomaa. Wiki chache kabla ya mavuno wingu linashuka, si mvua. Wanakula ngano, bustani, majani ya miti. Kisha wanataga. Ndiyo kusema mwaka unaofuata nao umekwenda, kwa sababu mayai yatatoa watoto, na wale watoto siku wanapoondoka wanatembea, wanapanda ukuta, wanaingia dirishani, wanapita juu ya chochote. Baba inabidi afunge safari ya miguu mamia ya maili, na viatu vyenye viraka, kutafuta vibarua vya kuvuna huko nzige wasikofika. Historia inathibitisha: miaka ya 1873 hadi 1877 nzige waliinyanyasa Minnesota hasa.

Kwenye tamthilia ngano inaharibiwa na mvua ya mawe. Alasiri moja tu. Baba anaondoka kutafuta kazi, huku nyuma mama na wanawake wenzake wanaokota suke lililosalimika, baba anarudi, wanakumbatiana. Naelewa: kuwapiga picha nzige mwaka 1974 ni gharama, barafu unaimwaga kwa ndoo. Lakini sababu ya ndani zaidi ni kwamba tamthilia ya kila wiki ya saa moja inataka shida inayoisha ndani ya saa hiyo, matangazo ya biashara yakiwemo. Shida ya kitabuni inataga mayai.

Kuna na jambo la kuhama. Vitabuni hawa watu hawatulii. Baba akiona moshi wa jirani anaanza kuangalia magharibi. Mama anataka shule na kanisa. Mvutano huo ndio injini ya vitabu vyote, na unaisha pale baba anapoahidi kwamba Dakota ndio mwisho. Runinga ilijenga mji wa kuigizia kwenye vilima vya Simi Valley, California, na mji ukishajengwa kwa fedha huwezi kuuacha kila baada ya kipindi. Basi familia ikakaa Walnut Grove, mji wa Minnesota, miaka na miaka, wakihama kidogo tu msimu wa tano na kurejea. Watoto wakikua wanaokotwa wengine: Albert, kisha James na Cassandra, mayatima ambao vitabuni hawamo. Mpwa wangu aliwaita "wale wa kuongezea maji kwenye supu".

Ed Friendly, aliyepata haki za vitabu na kumleta Landon, aliyaona haya mapema kuliko sisi. Alitaka tamthilia ishike vitabu; Landon alikuwa na yake kichwani. Walikorofishana, Friendly akajiondoa kwenye uendeshaji. Mwaka 2005 alirudi na tamthilia fupi ya ABC, hii ikibaki Kansas na kupigwa picha kwenye nyanda za Alberta, Kanada. Nikaitafuta nikijua nimepata dawa. Mtoto aliimaliza bila kulalamika, na bila kuomba kuiona tena. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba tatizo si uaminifu kwa kitabu.

Na nikiri kitu ambacho wapenzi wa vitabu hivi huwa hatupendi kukiri. Vitabu vyenyewe havikusema ukweli wote. Ile nyumba ya Kansas ilijengwa juu ya ardhi ya Waosage, wenyeji wa asili wa huko, ambao hawakuwa wameitoa; walilazimika kuiuza na kuhamia Oklahoma ya leo. Hadi toleo la 1953 kitabu kilikuwa na sentensi iliyosema huko hapakuwa na watu, ni Wahindi Wekundu tu walioishi huko. Msomaji mmoja aliandika kulalamika mwaka 1952, wachapishaji wakabadilisha "watu" kuwa "walowezi". Laura alikuwa na mdogo wake wa kiume, Freddie, aliyefariki mwaka 1876 akiwa na miezi 9. Vitabuni hayumo. Hamna pia Burr Oak, Iowa, ambako familia ilisaidia kuendesha hoteli na kuondoka usiku kukwepa deni. Binti wa Laura, Rose Wilder Lane, alikuwa na mkono mzito katika uhariri. Halafu kuna sura, ile ya mji wa De Smet, ambapo baba na wenzake wanajipaka masizi usoni na kucheza kuigiza watu Weusi, ukumbi unacheka.

Nilipofika sura hiyo, mtoto Mweusi kaniegemea bega, nilifunga kitabu. Tuliongea mpaka chai ikapoa. Sikuiruka, nilimsomea, na nikamwambia ninavyoiona. Mwaka 2018 chama cha maktaba za watoto Marekani kililiondoa jina la Laura kwenye tuzo iliyoanza kutolewa 1954, na mimi sioni walikosea wapi.

Tamthilia kwa upande huu iko mbele. Mwaka 1977 ilitoa kipindi kuhusu mtoto Mweusi, Solomon, anayetoroka kwao kwa sababu anataka kusoma. Baba anayeigizwa na Landon anamchukua kama mtu. Ukiniuliza nani kati ya baba hawa wawili ningemwachia mpwa wangu amlee wiki nzima, nitasema yule asiye na ndevu, wala sifikirii mara mbili.

Lakini mtoto bado alitaka kitabu. Kwa nini?

Jibu alinipa mwenyewe, Juni, tulipoendesha kama saa 3 kusini magharibi hadi Walnut Grove. Mahindi na soya pande zote, ardhi imelala kama mkeka. "Milima iko wapi?" akauliza, maana runingani nyuma ya nyumba kuna vilima vikavu vya California. Mjini kuna jumba dogo la makumbusho. Kuna pia familia nyingi za Kihmong, wakimbizi wa Laos na wazao wao, na inasimuliwa kwamba baadhi yao walivutwa na jina walilolisikia kwenye tamthilia. Kitabu cha Plum Creek hakiutaji mji huo hata mara moja. Ni runinga iliyoutia kwenye ramani, tena kwa manufaa ya watu ambao Landon hakuwawazia.

Nje ya mji, ukingoni mwa kijito, ndipo ilipokuwa nyumba yao ya kwanza ya Minnesota: chumba kilichochimbwa ukingoni, paa la fito, nyasi na udongo. Ng'ombe dume alipita juu, mguu ukatoboa paa. Leo ni bonde dogo tu lenye nyasi, na kibao. Nilitegemea atasikitika. Alisimama pale muda mrefu, kisha akafumba macho, akaanza kunieleza anachosikia: maji, upepo, ndege asiyemjua, trekta mbali.

Nikaelewa. Mary, dada mkubwa, alipofuka mwaka 1879 akiwa na miaka 14, na katika kitabu cha tano baba anamwambia Laura kuanzia sasa awe macho ya dada yake. Laura anaona kwa sauti. Anaeleza machweo, reli, farasi, nguo za watu, na anajifunza kuchagua neno, kwa sababu Mary humkosoa akizidisha chumvi. Kule kuchora mlango kigingi kwa kigingi ni tabia ya mtu aliyezoea kuonea mwenzake. Kamera haimhitaji msichana huyo. Ikishafunguliwa, kila mtu anaona, na Laura anabakiwa na kazi ya kukimbia mlimani. Runinga ikampa Mary ndoa, shule ya vipofu, mtoto aliyeteketea motoni. Mary halisi alisoma chuo cha vipofu Vinton, Iowa, 1881 hadi 1889, hakuolewa, akafariki 1928. Ila hayo nayo ni mambo ya kumbukumbu tu. Kilichokosekana ni sauti inayomweleza.

Filamu inayofunga hadithi ya mji, iliyorushwa Februari 1984, tuliiona Septemba. Tajiri mmoja anadai ardhi yote ya mji ni yake, wananchi wanaamua kuulipua kwa baruti. Kweli walilipua: mkataba wa ranchi uliwataka warudishe eneo lilivyokuwa, Landon akaona heri hadithi ifanye kazi ya tingatinga. Majengo yakaruka moja baada ya jingine. Mpwa wangu alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Lakini tulikula aiskrimu pale!"

Jumapili ile ile tulimpigia mama yangu, Dodoma. Mtoto wa jicho umemfunika macho yote mawili, simu anaishika sikioni hata ikiwa ya video. Mjukuu akatoa shikamoo, akaanza kumweleza bibi safari ya Juni: kijito, nyasi, chumba cha udongo, mguu wa ng'ombe ukining'inia darini. Bibi alizaliwa kwenye tembe. Akacheka hadi akakohoa.

"Sisi mbuzi ndio walitusumbua juu," akasema. "Na fisi je?"

"Huko ni mbwa mwitu, bibi."

"Eheh. Na mlango, waliufungaje?"

"Kwa kamba, bibi. Kuna tundu kwenye ubao. Mchana kamba iko nje, mgeni anaivuta. Usiku unaivuta ndani."

Kimya kidogo.

"Ya katani?"

"Ya ngozi."

"Hapo sawa," akasema bibi.